Barua kutoka kijiji cha vigingi

Nottingham
1 Desemba 2024

Mpendwa Eliwaza,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi. Barua yako niliipata, na nimefurahi mno kusikia mama ametolewa bandeji na anaona vizuri. Mwambie asianze kwenda kukata majani ya ng'ombe, maana namjua.

Ulinilalamikia kwamba nakuandikia habari za zamu na bili tu. Haya, leo nakuandikia habari za matope.

Alhamisi sikuwa na zamu. Mama mmoja ninayefanya naye kazi ana kaka yake mkulima katika kijiji kinachoitwa Laxton, hapahapa mkoa wa Nottinghamshire, chini ya saa moja kwa gari. Akaniambia, "Wewe si ulisema kwenu mnagombania mipaka? Twende ukaone sisi tunavyofanya." Nikaazima mabuti ya mpira, tukaenda.

Kijiji chenyewe ni barabara moja na vichochoro, kanisa kubwa la mawe, baa moja, na kilima cha udongo ambapo zamani palikuwa na ngome. Nilichoshangaa kwanza ni nyumba. Kwetu ukitoka mlangoni umeshaingia kihambani, shamba la migomba la nyumbani, jani linakufuta uso. Hapa nyumba za wakulima zimepangana barabarani, nyingine zimegeuza ubavu njiani kama watu wanaobanana kwenye benchi, na mashamba yote yako nje ya kijiji. Hayana uzio. Jicho linakwenda mpaka linachoka.

Mashamba makubwa ni matatu: South Field, Mill Field na West Field. Hakuna mtu mwenye shamba zima. Kila mkulima ana vipande vyembamba virefu, kimoja huku na kingine kule, katikati ya vya wenzake. Shamba moja linapandwa ngano kabla ya baridi, la pili linapandwa baridi ikiisha, la tatu linapumzika, na mwaka unaofuata wanazungusha. Nikamuuliza yule kaka mtu kwa nini wasibadilishane, kila mmoja akawa na chake mahali pamoja. Akachota udongo kwa ncha ya buti. Mfinyanzi mwekundu, mzito, unang'ang'ania. Akasema hapa ni hivi, kule mbele maji yanasimama, kule juu panakauka mapema. Mababu waligawana uzuri na ubaya. Nilimwelewa haraka kuliko alivyotegemea. Si na sisi tuna kihamba juu na shamba la mahindi chini tambarare, mvua ikikataa huku unaomba ya kule?

Zamani sehemu kubwa ya Uingereza ya kati ililimwa hivi. Halafu, hasa kati ya 1750 na 1850, Bunge lao likapitisha maelfu ya sheria za kuzungushia mashamba ua, vipande vikaunganishwa, na wengi waliokuwa na vipande vichache wakaishia kuwa vibarua. Laxton ilisalimika, tena usidhani ni kwa huruma ya mtu. Wenye ardhi walikuwa zaidi ya mmoja, kuzungushia ua kuna gharama, miaka ikapita.

Sasa nikupeleke shambani. Kila mwaka wanachaguliwa wazee wa baraza kumi na wawili, na mwishoni mwa Novemba wanaingia kazini. Nawaita wazee, lakini wengine ni vijana wa simu mkononi. Wanapanda tela la trekta, vigingi na nyundo kubwa humohumo, wanakwenda kulikagua shamba lililopandwa ngano. Mtu akilima anapitiliza kidogo, plau inakula mpaka, mwaka huu shubiri, mwakani shubiri, mwishowe kipande cha jirani kimepungua na hakuna aliyeiba. Basi wanashuka. Mmoja anachuchumaa huku, mwenzake anasimama kule mwisho, wa kwanza anafumba jicho moja: kushoto, kushoto kidogo, hapo! Kigingi kinagongwa. Mwenye kipande yupo, jirani yake yupo, wote wanatazama. Hakuna aliyepandisha sauti. Nilikaa pembeni nimekunja mikono kwapani kwa baridi, na nitakueleza nilikuwa namuwaza nani.

Wanakagua pia njia za shambani na mabonde ya nyasi yasiyolimwa, ambayo nyasi zake hupigwa mnada kila kiangazi. Aliyeingiza plau huko anaandikwa. Wakimaliza wanakwenda kula kwenye baa, inaitwa Dovecote, na wiki inayofuata mahakama ya kijiji inakaa hapohapo kwenye baa kusoma majina na faini. Faini zenyewe hazimfilisi mtu. Kusomwa jina mbele ya majirani, na glasi zao mezani, ndiko kunakouma. Usiifanyie mzaha mahakama hiyo: mwaka 1977 sheria iliziondolea mahakama za namna hii mamlaka nchi nzima, ikaiacha ya Laxton peke yake.

Kuna ramani ya kijiji ya mwaka 1635, iliyochorwa na mpimaji Mark Pierce. Ya asili iko maktaba ya Bodleian kule Oxford. Mimi niliona nakala. Kila kipande kimechorwa, na kitabu chake kinataja nani alikuwa analima wapi. Halafu ndani ya mashamba amechora watu, wadogo kama sisimizi: mtu na plau, wavunaji, wawindaji. Nilimwinamia mmoja wa wavunaji mpaka kioo kikaingia ukungu wa pumzi yangu. Tajiri aliyeiagiza, Sir William Courten, alikuwa mfanyabiashara wa meli, ndiye aliyegharimia Waingereza wa kwanza kuhamia Barbados mwaka 1627. Kumbe hata kijiji hiki cha matope kilikuwa na mkono baharini.

Baadaye kikawa cha ukoo wa Earl Manvers. Mwaka 1952 Wizara ya Kilimo ikakinunua ili kilimo hiki kisipotee, 1981 kikaenda kwa shirika la mali za Ufalme, na 2020 kikarudi kwa shamba la Thoresby, yaani warithi wa walewale wa zamani. Wenyewe wanapokezana karatasi. Wakulima ni wapangaji tu, wanaendelea kuzungusha ngano yao. Na nikwambie, vipande vimepungua sana kuliko vya kwenye ramani, viliunganishwa mwanzoni mwa karne iliyopita. Matrekta hayataki kugeuzwageuzwa.

Niliyekuwa namuwaza unamjua. Baba alipofariki, masale, ile mimea ya mpaka wetu upande wa mfereji, yalihama usiku, hatua mbili, na asubuhi kila mtu akasema yalikuwa hapo tangu zamani. Mashahidi walikuwepo, wakanywa pombe yao ya mbege, wakatazama migomba. Sikusema kitu, nilikuwa msichana.

Krismasi ukienda kumsalimia mama, pitia upande ule wa mfereji kama unaokota parachichi. Hesabu hatua kutoka kwenye mti wa mruka mpaka kwenye masale, uniandikie. Kaka usimwambie kwamba nimekutuma.

Ni mimi rafiki yako,
Aikaeli