Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: hati ya mtumiaji wa mwisho ipate mwenyewe

Lubumbashi, Haut-Katanga

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi wa Taifa na Wapiganaji wa Zamani, Kinshasa

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Lubumbashi. Tunakuandikia juu ya karatasi moja tu: hati ya mtumiaji wa mwisho. Ni ile ambayo serikali yetu inatia saini ili kiwanda cha ng'ambo kipate kwa serikali yake kibali cha kutuuzia bunduki, risasi au magari ya deraya. Zamani karatasi hii ilikuwa na mwenzake. Leo inatembea peke yake.

Unajua historia, lakini wasomaji wengine wa barua hii huenda hawaijui. Tarehe 28 Julai 2003, azimio 1493 la Baraza la Usalama liliweka vikwazo vya silaha kwa makundi ya Ituri na Kivu mbili. Mwaka 2005, azimio 1596 likavitandaza nchi nzima. Mwaka 2008, azimio 1807 likaiondoa serikali kwenye vikwazo hivyo, kwa sharti moja: nchi inayotuuzia iiarifu kwanza Kamati ya Vikwazo kule New York. Sharti hilo lilifutwa tarehe 20 Desemba 2022 kwa azimio 2667. Tulifurahi kama Wakongo wengine, maana jeshi la nchi huru halina sababu ya kutangaziwa manunuzi yake kama mtoto anayeombewa ruhusa ya kwenda sokoni. Makundi yenye silaha yamebaki chini ya vikwazo, na ndivyo inavyopaswa.

Ila ile taarifa ilikuwa na kazi ambayo haikusifiwa na mtu. Iliacha alama mahali pamoja: aina ya silaha, idadi, muuzaji. Bunduki ikiokotwa Rutshuru au Fizi, kule mashariki, Kundi la Wataalamu la Umoja wa Mataifa lilikuwa na pa kuanzia kulinganisha. Sasa pa kuanzia ni makaratasi yetu wenyewe, na la kwanza kati ya hayo ndilo hili tunalolizungumzia.

Hati hii ikikosa ulinzi tunajua inaweza kufanya nini, kwa kuwa imeshafanya hapa kwetu. Tarehe 17 Mei 1994, azimio 918 liliifungia Rwanda silaha. Mwezi mmoja baadaye, kati ya tarehe 16 na 19 Juni, safari mbili za ndege zilitoka Seychelles hadi Goma na tani zipatazo 80 za silaha, zilizokuwa zimekamatwa mwaka 1993 katika meli iliyokuwa ikielekea Somalia. Kwenye makaratasi mnunuzi alikuwa Zaire, na hati ya mtumiaji wa mwisho ilibeba jina la wizara ya ulinzi ya Zaire. Waliozipokea ni jeshi la Rwanda lililokuwa likiendesha mauaji ya kimbari ng'ambo ya mpaka. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa, iliyoundwa kwa azimio 1013 la 1995, ndiyo iliyofukua habari hizo. Miaka mitano baada ya kisa hicho cha Goma, Machi 1999, tani 68 za silaha kutoka Ukraine zilishuka Ouagadougou kwa hati ya Burkina Faso, kisha zikapandishwa ndege nyingine kuelekea Liberia. Katika visa vyote viwili sanduku halikuvunjwa. Karatasi ilipita, na mzigo ukaifuata.

Kwa hiyo anayesoma hati yetu kule Brussels, Belgrade au Washington anaisoma kwa jicho kali. Nchi za Umoja wa Ulaya zinapima kila ombi kwa vigezo vinane vya Msimamo wa Pamoja 2008/944, na cha saba ndicho kinachotukwamisha sisi mara nyingi: hatari ya silaha kuchepushwa zikiwa ndani ya nchi inayonunua. Mkataba wa Biashara ya Silaha, ulioanza kutumika tarehe 24 Desemba 2014, una kifungu cha 7 juu ya kupima hatari na cha 11 juu ya kuchepushwa. Marekani imeiweka Kongo katika kifungu 126.1 cha ITAR, kanuni zake za kuuza silaha nje, maana yake jibu la kwanza ni hapana mpaka ionekane kuna msamaha unaohusika. Kwa silaha walizoziorodhesha kuwa muhimu kijeshi wanadai pia fomu ya DSP-83, yenye saini ya mpokeaji na ya mtumiaji wa mwisho, na wakitaka, ya serikali. Afisa wa kule akikuta kwetu fomu tatu za sura tatu, zenye saini za watu watatu, hatapiga simu kuuliza ipi ni ya kweli. Ataliweka faili chini ya mengine.

Tunachoomba, basi, ni fomu moja, ofisi moja, na watu wawili wanaojulikana.

Fomu ichapwe kwenye karatasi ya usalama, yenye namba ya mfululizo iliyochapwa kiwandani, si kuandikwa kwa kalamu. Iwe na jina na anwani ya kiwanda, jina la dalali kama yupo (hapa ndipo wengi hunyamaza), namba na tarehe ya mkataba, aina na kipenyo cha silaha, idadi kwa tarakimu na kwa maneno, kikosi kitakachotumia, na depo ambamo shehena itapokelewa. Iwe na ahadi mbili: hatutauza wala kugawa tena bila idhini ya nchi iliyotoa, na wakaguzi wake wanaweza kuja kuhesabu. Mwisho wake uwe tarehe ya kuisha nguvu. Miezi sita inatosha, na ikipita fomu inarudishwa Kinshasa kufutwa.

Idadi na tarehe ya kuisha ndizo nafasi mbili zinazofanya madhara zikiachwa wazi. Hati inayosema "bunduki na risasi zake" bila hesabu inaweza kutumika leo, mwezi ujao na mwakani. Hata yenye hesabu ina mtego wake. Mkataba wa bunduki 4,000 ukiletwa kwa awamu nne na hati ikawa moja isiyo na jedwali la awamu, kila awamu inaweza kuonyeshwa kwa forodha tofauti kama ndiyo ya kwanza. Dawa yake ni jedwali mgongoni: tarehe, idadi iliyoingia, idadi iliyobaki, muhuri. Kama kadi ya chanjo ya mtoto.

Saini ziwe mbili, ya katibu mkuu wa wizara na ya mkuu wa ugavi wa jeshi. Vielelezo vya saini hizo, pamoja na sura ya mihuri, vipelekwe kwa njia ya kidiplomasia katika balozi za nchi zinazotuuzia, na vibadilishwe siku ileile mwenye saini anapohamishwa. Hapa kuna kosa ambalo wageni hulifanya bila kujua: wanapotaka kuthibitisha hati, hupiga namba ya simu iliyoandikwa kwenye hati yenyewe. Mghushi anaweka namba yake. Anapokea yeye, anathibitisha yeye, na kwa sauti nzuri. Namba ya kuulizia isikae kwenye fomu; ikae ubalozini, kwenye bahasha ileile ya vielelezo. Tena hati isibebwe na dalali mkononi. Itoke wizarani kwenda ubalozi wetu, na kutoka ubalozini kwenda kwa mamlaka ya vibali.

Sasa tuje mpakani, kwa kuwa sisi tunakaa karibu nao. Shehena ya mashariki na kusini mwa nchi si lazima ipite bandari yetu ya Matadi. Inaweza kushuka Dar es Salaam, ikapita Tunduma na Nakonde, ikavuka Zambia hadi mpaka wetu wa Kasumbalesa. Zambia ni mwanachama wa Mkataba wa Biashara ya Silaha, na kifungu cha 9 kinaihusu inapopitisha silaha kwenye ardhi yake. Tanzania ilitia saini mwaka 2013. Kwa hiyo njia yote iandikwe kwenye hati, na nakala itangulie kwa nchi za kupitia kabla meli haijang'oa nanga, si dereva aje kuieleza akiwa kwenye foleni ya malori.

Duane (forodha) ya Kasumbalesa inaona tangazo kabla ya kuona mzigo. Silaha na risasi ziko katika sura ya 93 ya orodha ya forodha: 9301 ni silaha za kivita, 9306 ni mabomu, guruneti na risasi. Vifaru na magari ya deraya ni 8710. Hizo si taabu, kila karani anazijua. Taabu ni mzigo unaoitwa "vipuri" au "vifaa vya ufundi", na droni, ambazo tangu toleo la 2022 la orodha hiyo zina namba yao, 8806, iwe ni ya kupiga picha za harusi au ya kubeba kombora. Tunaomba kila tangazo la sura ya 93, la 8710, na la 8806 kwa droni nzito, lisimame mpaka namba ya hati ya mtumiaji wa mwisho iingizwe kwenye kompyuta na ijibiwe kutoka Kinshasa. Karani asiwe na uwezo wa kulipitisha bila namba hiyo, hata akipigiwa simu na mkubwa. Simu za wakubwa ndizo tundu lenyewe.

Mzigo ukishafika depo, ofisi yako itoe karatasi ya pili: hati ya kuthibitisha kupokea. Iandikwe baada ya kuhesabu, si siku ya kutia saini mkataba. Muuzaji mwenye hati hiyo mkononi hatapata shida kupewa kibali cha awamu inayofuata, kwa hiyo ina faida kwetu pia.

Depo hiyohiyo ndipo pa kutia alama. Chombo cha Kimataifa cha Ufuatiliaji cha 2005, yaani makubaliano ya Umoja wa Mataifa ya kufuatilia silaha ndogo, kinataka kila silaha ndogo inayoingizwa ipigwe alama ya nchi iliyoingiza na, ikiwezekana, mwaka. Alama iwekwe kwenye mwili wa bunduki, kwa kuwa kitako cha mbao, magazini na kifuniko cha juu hubadilishwa kutoka bunduki hadi bunduki. Mashine za kugonga nukta zinafaa kuliko kuchonga juujuu. Nukta huukandamiza mwili wa chuma, na anayetaka kuifuta kwa tupa huacha kovu linaloonekana.

Wanaonakili namba wafundishwe. Namba ya kalashnikov ipo upande wa kushoto, mbele ya mwili. Namba iliyo kwenye kifuniko au kwenye kibeba-kufuli inaweza kuwa ya bunduki nyingine kabisa. Aina ya 56 ya Kichina huchukuliwa kuwa AKM, kalashnikov ya Kirusi, ilhali shabaha yake ya mbele imezungukwa na duara kamili na mara nyingi pembeni ina namba ya kiwanda ndani ya pembetatu, kama 66. Herufi za Kirusi huandikwa kwa Kilatini kwa kubahatisha. Ombi la ufuatiliaji lenye kosa moja kama hayo hurudi na jibu fupi: haipo kwenye kumbukumbu zetu.

Risasi ni ngumu zaidi. Kitako cha ganda kinaonyesha kiwanda na mwaka, basi. Namba ya kundi la utengenezaji iko kwenye sanduku, na sanduku ndilo hutupwa kwanza au kugeuzwa kuni. Kwa hiyo daftari la depo liandike namba hiyo siku ya kupokea, na tena kila sanduku linapotoka, likitaja kikosi kilichochukua. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na hatuombi jambo geni Katanga: kwenye stoo ya baruti ya mgodi uliopangika vizuri, fataki (viwasha-baruti) hutolewa kwa hesabu na saini, na zilizobaki hurudi stoo zamu ileile. Kama kampuni ya shaba inaweza kuhesabu fataki, jeshi la taifa linaweza kuhesabu masanduku.

Daftari hizo zikae angalau miaka 20, ndicho kipimo cha Chombo cha Ufuatiliaji cha 2005 kwa kumbukumbu za kuingiza na kutoa.

Tunajua majibu mawili yatakayokuja. La kwanza ni siri ya vita. Hatuombi idadi ya bunduki zako itangazwe gazetini. Kinachotoka nje ya wizara ni namba ya fomu na neno "sahihi" au "si sahihi". La pili ni haraka, hasa tangu Goma na Bukavu zichukuliwe mapema mwaka 2025. Hapa tunasema kinyume: vielelezo vya saini vikiwa tayari ubalozini, kuthibitisha hati ni kazi ya asubuhi moja. Visipokuwapo, ni barua za wiki na wiki.

Kuhusu sheria, ile iliyopo ni sheria-amri namba 85-035 ya 3 Septemba 1985, ya wakati wa Zaire, kabla droni hazijawa bidhaa ya dukani. Kuiandika upya kutachukua muda wa Bunge. Fomu, vielelezo na sharti la duane havihitaji Bunge. Vinahitaji amri ya mawaziri wawili, wewe na mwenzako wa fedha. Mkataba wa Afrika ya Kati juu ya silaha ndogo, unaobeba jina la Kinshasa na ulioanza kutumika tarehe 8 Machi 2017, unagusa pia risasi na vipuri, kwa hiyo amri hiyo itapata mahali pa kuegemea.

Tungependa uanze na vielelezo vya saini, kwa kuwa havina gharama zaidi ya bahasha. Kisha duane ya Kasumbalesa, kwa majaribio ya miezi mitatu, kabla ya Matadi na viwanja vya ndege. Rasimu ya fomu, kurasa mbili pamoja na jedwali la mgongoni, tumeiambatanisha na nakala iliyopelekwa wizarani.

Wako,
Mawakala wa forodha na wanasheria wa biashara ya nje, Lubumbashi

Nakala kwa: Waziri wa Fedha, Gavana wa Haut-Katanga, Tume ya Taifa ya Udhibiti wa Silaha Ndogo, Mkuu wa duane, Kasumbalesa