Shukrani kwa mzee wa Mkata

Mzee wangu, shikamoo. Jina lako sikuuliza, na hilo linaniuma mpaka leo. Mimi ni yule kijana wa Land Rover Series III ya kijani, uliyenikuta nimekwama Mkata, barabara ya Chalinze–Segera, betri imekufa ganzi.

Nilikwisha kununua betri mbili. Mafundi walibadilisha mkanda wa feni, wakasafisha waya wa athi, mwisho wakaniuzia alteneta, kile kifaa kinachozalisha umeme wa kuchaji betri. Gari likilala, asubuhi ni kusukuma.

Wewe hukugusa hata spana. Uliuliza tu, "Ukifungua swichi, ile taa nyekundu ya chaji inawaka?" Nikajibu kwa fahari kwamba haiwaki kamwe. Ukacheka! Kumbe alteneta ya gari hili haijiamshi yenyewe: umeme mdogo unaopita kwenye balbu ya taa hiyo ndio unaotia usumaku rota, sehemu inayozunguka ndani ya alteneta, ianze kuzalisha umeme. Balbu ikiungua, taa haiwaki na chaji haipatikani. Nami nilidhani kutowaka ndiyo uzima.

Ukachomoa balbu ya wati 2.2 iliyomulika spidomita, ukaihamishia pale. Taa ikawaka, na injini ilipokamata taa ikazimika. Mita ikasoma volti 14.1, awali ilikuwa 11.9.

Pesa ulikataa, ukapokea machungwa matatu. Ahsante sana, mzee wangu. Gari linawaka kila asubuhi. Spidomita bado iko gizani, usiku nakisia mwendo kwa mlio wa injini.