Usilipeleke kwanza dodoso hilo

Igombe, Mwanza

Mpendwa Neema,

Hamjambo huko Ukerewe? Sisi wazima, mama anakusalimu sana. Dodoso lako la utafiti wa uvuvi nimelisoma mara mbili. Nakuomba, usilipeleke kwanza kwa watu.

Umeandika "mkuu wa kaya ajibu". Mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, ukisema hivyo anajibu mume, mke anarudi kwenye dagaa wake. Nami nilikosea hivyohivyo. Katika utafiti wangu niliandika kwamba wanakijiji wanakubali uvuvi usimamishwe kwa muda, kumbe wanakijiji wenyewe ni wenye mitumbwi waliokuja mkutanoni saa nne asubuhi. Saa hiyo wanawake wako juani wanageuza dagaa. Mvua ikiwakuta dagaa hawajakauka, mtaji umekwenda.

Mama mmoja muanikaji ndiye aliyenielekeza: "Mwanangu, njoo mbalamwezi." Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza; mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inapumzika, nao wanawake wanapata nafasi ya kukaa. Siku hizi napanga safari zangu kwa mwezi. Tulikaa wanawake peke yetu, nikamwomba kila mmoja anisimulie siku yake tangu anapoamka. Hapo ndipo nilipoelewa: uvuvi ukisimama, mwenye mtumbwi anashona nyavu, lakini muanikaji anadaiwa rejesho la mkopo wa kikoba, kikundi chao cha kuweka na kukopa, wiki hiyohiyo. Wote wanataka ziwa lipone. Gharama ya kuliponya ndiyo hawaibebi sawa, na dodoso langu la kwanza halikuwa na pa kuliandika hilo.

Liko jambo zito zaidi. Wengine watakwambia kuna wavuvi wasiouza samaki mpaka wapewe mwili. Usiulize hayo mbele ya watu, wala usiandike jina, mwalo au mtumbwi. Kabla ya kuuliza, jua utamwelekeza wapi mwanamke akihitaji msaada: zahanati, au dawati la jinsia polisi. Ridhaa aitoe mwenyewe; ya mumewe au ya mwenyekiti haitoshi. Akikataa, asipoteze chochote.

Azimio la Rio la 1992 kuhusu mazingira na maendeleo, kanuni ya 20, linatambua nafasi kubwa ya wanawake katika kutunza mazingira. Sote tunalitaja tunapoomba fedha. Inaniuma kwamba mwaloni tunawapita.

Panda meli ya Nansio uje kabla mwezi haujapevuka. Tutaliandika upya pamoja, kisha tuwasomee wanawake hao kwanza.

Wako,
Kabula