Iskandaria Jumamosi: someni kabla ya kulala

Ndugu zangu, salaam. Treni kutoka Ramses, Cairo, inasimama mara mbili mjini Iskandaria. Sidi Gaber inakuja kwanza. Sisi tunashuka Mahattat Misr, kituo cha mwisho. Wengi wakiona abiria wanabeba mizigo nao hukurupuka Sidi Gaber, kisha wanahangaika na teksi.

Tunaanzia Kom el-Shoqafa, makaburi ya chini ya ardhi ya zama za Warumi. Ngazi zinazunguka shimo refu ambalo maiti walishushwa kwa kamba. Mkifika chini msipite haraka: mlangoni yupo Anubis, mungu wa Misri mwenye kichwa cha mbweha, kavalishwa deraya ya askari wa Kirumi. Mji mzima umo katika sanamu hiyo moja! Maji ya ardhini yalikuwa yakipanda humo hadi mradi wa kuyashusha wa 2019; sakafu bado yaweza kuteleza, hivyo vaeni raba, si ndala.

Alasiri ni ngome ya Qaitbay, iliyojengwa karne ya 15 mahali ulipoangushwa mnara wa taa wa kale wa Pharos na matetemeko. Upepo ni mkali, jaketi muhimu.

Chakula ni samaki, mtaa wa Anfushi. Chagua kwenye barafu, apimwe mbele yako, na bei ya kilo uijue kabla hajaingia jikoni.