Oili chafu kwenye geti, hapana jamani

Mhariri, salamu. Naomba nafasi kidogo nijibu ule ushauri uliotoka kwenye ukurasa wenu wa nyumba na makazi, eti geti la kusukuma likianza kukwama mwaga oili chafu kwenye reli, na kitasa nacho ukiloweshe. Jamani hapana. Siku mbili tatu litateleza kweli, lakini huku kwetu Tabata vumbi ni la kumwaga, mchanga unanasa kwenye ile oili inakuwa msasa, unakula reli na tairi za geti kila ukisukuma, halafu mvua ikija yote inasombwa mpaka mtaroni na ile oili imeshatoka kwenye injini na mabaki ya vyuma na makemikali ya kuungua, siyo kitu cha kumwaga ardhini.

Reli yenyewe ifagie tu mchanga. Vitasa, makufuli na komeo za chuma weka unga wa kinywe, ndo haya haya madini ya Mahenge na Ruangwa tunayosikia kwenye habari za betri, na ndo yanayoandika kwenye penseli. Kinywe ni kaboni iliyojipanga tabaka tabaka, na hizo tabaka hazijashikana sana kwahiyo chuma kikisugua chuma zenyewe zinateleza, hakuna majimaji ya kunasa vumbi. Ukikosa unga chukua penseli laini, 6B hivi, maana HB, ile ya kawaida ya shule, imechanganywa udongo mwingi, paka ufunguo pande zote, ingiza toa ingiza toa, utaniambia. Ila kama kitasa kilishawekwa oili kisafishe kwanza kikauke, ukichanganya unapata tope jeusi, balaa.

Sasa msije mkapaka kila mahali. Madirisha ya aluminiamu msiweke kinywe, kikikutana na unyevu, hasa hii hewa ya chumvi ya pwani, aluminiamu inaliwa haraka, hapo sugua mshumaa inatosha. Bering za tairi za geti bado zinataka grisi, hilo sibishi. Na ule unga mweupe wa Teflon, ile ile ya kwenye vikaango visivyoshika, unateleza balaa lakini uko kwenye kundi la zile kemikali zisizooza, mtu akikwambia ni rafiki wa mazingira kisa hauna mafuta mbishie.

Wenye hadwea nao, kila nikiulizia unga wa kinywe naonyeshwa makopo ya mafuta ya kupuliza, kwenye nchi yenye kinywe chake ardhini! Leteni hata vichupa vidogo, wateja tupo.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam