Risala ya Kikundi cha Usafi na Mazingira cha Mtaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira Duniani, 5 Juni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu,
Ndugu Afisa Mtendaji wa Kata,
Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa na wajumbe wako,
Ndugu Afisa Afya,
Viongozi wa dini, wazee wetu, wafanyabiashara wa soko, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama. Pia tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kufika mwenyewe badala ya kutuma mwakilishi. Wawakilishi tumewapokea mara nyingi na tunawaheshimu sana, ila jibu lao huwa ni moja: "Nitayafikisha."

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi hiki kilizaliwa mwaka 2019, mara tu baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni. Kilianza na kina mama wa genge na vijana wa toroli, kikapata usajili, kikafungua akaunti. Hayo yanatosha kwa upande wa historia.

Kuhusu mafanikio, tunajivunia kwamba mtaa huu sasa ni wa kupigiwa mfano. Tumepanda miti kandokando ya barabara ya soko, na yote inaendelea vizuri isipokuwa iliyoliwa na mbuzi. Tumetoa elimu ya kutenganisha taka nyumba kwa nyumba, pipa la kijani kwa taka mbichi, la bluu kwa taka kavu. Chupa za plastiki hazizagai tena, kwa kuwa zina mnunuzi anayezipima kwa kilo. Tunathubutu kusema tatizo la taka kavu tumelimaliza kwa kiasi kikubwa. Lililotuleta mbele yako leo ni pipa la kijani.

Mheshimiwa, tunasikia kila mwaka kwamba mji wetu unatakiwa uwe mji unaojali mazingira. Tunakubali. Ila kila mwaka hatua yenyewe huwa ni bango jipya na fulana. Majirani zetu wa Moshi wamesifika kwa usafi miaka mingi, na hawakuupata kwa fulana: sheria ndogo zinasimamiwa, na anayetupa taka ovyo anatozwa faini. Kigali hufanya umuganda, yaani kazi ya pamoja ya wakazi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nasi tunafagia Jumamosi hiyo hiyo, ila Jumatatu inayofuata ghuba la taka limefurika. Tofauti iko kwenye kinachofuata baada ya kufagia. Hata marufuku ya mifuko ilishika kwa sababu mfuko mbadala ulikuwa dukani. Mtu alinyang'anywa kimoja akakuta kingine cha kushika. Mama akitenganisha taka zake wiki nzima, kisha akaona pipa la kijani na la bluu yanamwagwa kwenye gari moja, hatatenganisha tena, na hakuna semina itakayomrudisha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka taka zitenganishwe pale zinapozalishwa. Zikishatenganishwa, lazima ziwe na pa kwenda.

Sehemu kubwa ya taka za soko letu ni mbichi: maganda ya ndizi, mikungu, majani ya kabichi, nyanya zilizooza. Hizi zikienda dampo zinajaza gari kwa uzito wa maji, zinatoa harufu, na zikifukiwa bila hewa zinazalisha gesi ya methani. Zikibaki hapa zinakuwa mboji, na wenye vitalu vya kahawa na bustani za mboga wanaihitaji. Kwa hiyo tulianza kutengeneza mboji kwenye kiwanja kile nyuma ya soko tulichoonyeshwa na uongozi, na tunashukuru.

Mheshimiwa, tunaomba utuvumilie tueleze kazi yenyewe, kwa sababu ombi letu limo ndani yake.

Mikungu hukatwakatwa vipande vya urefu wa kiganja, la sivyo hukaa miezi bila kuoza. Ndoo mbili za taka mbichi huchanganywa na ndoo moja ya kavu, yaani majani makavu ya mgomba na maranda ya mbao. Maranda yakizidi, tuta linalala tu. Tuta lenyewe lina upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 1.2, likiwa fupi kuliko hapo joto linatoroka. Ndani joto linatakiwa kufika kati ya nyuzi 55 na 65 za Selsiasi, ambapo mbegu za magugu na vimelea vya magonjwa hufa. Sisi hatuna kipimajoto kirefu, tunatumia kipande cha nondo: kinachomekwa katikati ya tuta dakika kumi, kikitolewa usiweze kukishika kwa raha, tuta ni zima. Unyevu tunaupima kwa konzi moja: ukikamua yatoke matone mawili matatu. Maji yakichuruzika ni mengi mno, na mboji ikipukutika imekauka. Tuta hupinduliwa kila wiki ili hewa iingie, na baada ya miezi mitatu hivi mboji huchekechwa kwa wavu wa matundu ya milimita 10.

Yote hayo, Mheshimiwa, hufanyika vizuri kiangazi. Masika yakianza, mambo yanaharibika, kwa kuwa tunafanya kazi juu ya ardhi tupu na chini ya mbingu wazi. Maji yanajaza nafasi za hewa ndani ya tuta, vijidudu vinavyohitaji hewa vinakufa, na vinavyobaki ndivyo vinavyotoa ile harufu ya mayai viza ambayo majirani wameandikia barua ya malalamiko. Barua hiyo ni ya haki. Maji meusi yanateremka hadi mtaro wa barabara. Rutuba nayo inaondoka na maji hayo hayo, kwa hiyo hata kinachopona kinakuwa hafifu. Toroli linazama kwenye tope. Koleo linachota udongo na kokoto pamoja na mboji, na mwenye kitalu akiona kokoto anarudisha gunia. Ukimaliza hotuba tunakuomba upite nyuma ya soko uchomeke nondo kwenye tuta la tatu. Itatoka ya baridi, nyeusi, na utanusa mwenyewe.

Ombi letu ni moja: banda lenye sakafu. Tumelipima pamoja na fundi.

Sakafu ya mita 12 kwa 8, zege la unene wa sentimita 10 juu ya mawe yaliyoshindiliwa, kwa uwiano wa 1:2:4 wa saruji, mchanga na kokoto. Sakafu peke yake inataka mifuko 62 ya saruji ya kilo 50. Ukiongeza ukingo wa pembeni na shimo, tunaomba mifuko 75. Mteremko ni sentimita 16 kutoka upande wa juu hadi wa chini, ili maji ya tuta yaende kwenye shimo lililosakafiwa la mita 1.5 kila upande. Maji hayo hayatupwi, hurudishwa kwenye tuta lililokauka. Hapo yatakaa matuta manne na njia za toroli kati yake.

Paa ni bati 72 za mita 2.5, geji 28, juu ya nguzo za mita 3. Kuta hatuzitaki kabisa, hewa ipite. Tunaomba pia gata na tangi la lita 5,000. Paa la ukubwa huo likipata mvua ya milimita 10 linaingiza zaidi ya lita elfu moja, nayo ndiyo maji ya kunyunyizia matuta kiangazi. Mawe, mchanga, kokoto, nguvu kazi na kumwagilia zege siku saba ni juu yetu. Mawe yameshasombwa, yale pale.

Tumeshauriwa mara kadhaa tuombe mkopo wa vikundi unaotokana na asilimia kumi ya mapato ya halmashauri. Ushauri ni mzuri kwa toroli na magunia, na tutauomba kwa ajili hiyo. Lakini kiwanja ni cha umma. Hatuoni busara ya kina mama kukopa na kurejesha fedha za jengo ambalo kesho si lao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa unyenyekevu mkubwa tunakujulisha kwamba ombi hili si geni. Mgeni rasmi mmoja aliahidi saruji, tukapiga makofi. Aliyemfuata aliahidi bati, tukapiga makofi na kumvisha shada. Wa tatu aliweka jiwe la msingi. Jiwe lipo mpaka leo, tunalifuta vumbi kila mwaka kabla ya sherehe. Msingi ndio haupo. Hatumlaumu mtu, tunajua bajeti zina mambo yake. Tunaomba tu usituwekee jiwe la pili.

Kitabu cha wageni kiko mezani mbele yako. Safu tatu za mwanzo ni zile zile: jina, cheo na maoni. Mwaka huu kamati imechora safu ya nne, "Tarehe ya kufikisha". Hata kama utakachoweza ni mifuko kumi, tunaomba uiandike mifuko kumi na tarehe yake, nasi tutaanza kumwaga upande wa juu wa mteremko kwa kiasi hicho. Fundi yupo hapa na vipimo vyake. Vuli haiko mbali.

Tunaomba kuwasilisha.

Imeandaliwa na kamati ya kikundi na kusomwa na Katibu.