Malalamiko kuhusu kijitabu cha maelekezo ya pedali ya mwangwi

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: KIJITABU KISICHOELEZA KAZI YA VITUFE

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.

Mimi ni mpiga gitaa, na mwezi uliopita nilinunua pedali yenu ya mwangwi, kile kifaa cha kukanyaga kinachorudia sauti ya gitaa baada ya muda mfupi. Sauti yake ni nzuri, sina neno juu ya hilo. Ninacholalamikia ni kijitabu mlichoweka ndani ya boksi. Pedali ina vitufe vitatu vya kuzungusha, vimeandikwa herufi moja moja: T, F na M. Kwa vyote vitatu kijitabu kinasema jambo lilelile: "Zungusha upendavyo." Nitapendaje kitu nisichojua kinafanya nini?

Kitufe cha F ndicho kilichonitia hasarani. Nikiwa mazoezini na bendi nilikizungusha hadi karibu na mwisho. Badala ya kufifia, mwangwi ukawa unarudi na nguvu zaidi kila mara, ukazidi kupanda hata baada ya mimi kuachia nyuzi. Mwimbaji wetu akaziba masikio, nami nikachomoa waya. Spika ya amplifaya yangu sasa inakoroma. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba F huchukua sehemu ya sauti iliyocheleweshwa na kuirudisha mwanzoni izunguke tena. Ikirudi pungufu, mwangwi hufa taratibu. Ikirudi na nguvu kuliko ilivyotoka, haiishi. Wapo wapigaji wanaoutafuta mlio huo kwa makusudi, nami siwalaumu, lakini onyo la mstari mmoja lingeniokoa.

Kitufe cha T, kinachopanga mwangwi uchelewe kwa muda gani, hakina hata namba moja. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una milisekunde 500 kwa kila pigo, maana dakika ina milisekunde 60,000. Nikitaka mwangwi uangukie robo tatu ya pigo, nahitaji 375. Nitaipata wapi kwenye kitufe kisicho na alama, wakati kijitabu hakitaji muda mfupi kabisa wala mrefu kabisa? Tena nilipokizungusha mwangwi ukiwa bado unalia, noti zilipinda, mara juu mara chini. Nikadhani pedali ni mbovu. Nilimlipa fundi, akaifungua, akaniambia ni nzima na kwamba ndivyo inavyokuwa muda ukibadilishwa katikati ya mlio.

M hakikunisumbua sana: ukikimaliza upande wa kulia, sauti yenyewe ya gitaa hutoweka, unabaki mwangwi mtupu. Hilo nalo halikuandikwa.

Naomba mwandike kijitabu upya, mseme kila kitufe kinafanya nini, muweke milisekunde kuzunguka T na alama ya tahadhari pale F inapoanza kupandisha sauti. Nakala ya kwanza nitumieni mimi. Naomba pia mnirudishie gharama za fundi na za kutengeneza spika. Risiti zote mbili nimeziambatisha.

Wenu,
Mteja